Shemeji anajua nina dola ngapi, na 740 zimeyeyuka

Shikamoo mjomba,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kisauni, Mombasa. Kazi yangu ni kunakili mahojiano na kuandika manukuu ya video kwa wateja wa nje. Wananilipa kwa USDT, zile sarafu za kidijitali zenye thamani ya dola, kwenye mtandao wa Tron, kwa sababu tulipojaribu benki makato yalikula sehemu kubwa ya jasho langu. Nikihitaji shilingi nauza kwa P2P, yaani moja kwa moja kwa mtu kupitia soko la mtandaoni, pesa zinaingia M-Pesa, maisha yanaendelea.

Kabla ya Ramadhani mama mkwe alilazwa. Shemeji yangu yuko Muscat, akasema atatuma dola 300 kwa njia hiyo hiyo ya USDT. Nikampa anwani yangu, akatuma, nikauza siku hiyo hiyo na hospitali ikalipwa. Nikadhani yameisha. Baadaye akampigia mume wangu: "Kumbe mkeo ana dola 2,600, na mimi ndiye ninayehangaishwa na bili ya mama?" Hakukosea hata dola moja. Mume wangu alikuwa hajui. Wallahi sikuficha kwa ubaya, nilikuwa naweka ya kununua kiwanja, lakini hebu fikiria nyumba ilivyokuwa usiku ule.

Nikaona nizihamishe. Nikafungua anwani ya pili ndani ya pochi ile ile ya kripto kwenye simu, nikapeleka 1,860, nikabakisha 740 za matumizi. Haikupita wiki, shemeji tena: "Zile 1,860 umezipeleka wapi?" Akanisomea mpaka herufi nne za mwisho za anwani mpya. Anaingiaje kwenye simu yangu naye yuko Muscat? Nikimuuliza kama ameniwekea programu ya kunipeleleza, anacheka.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Nilikuwa nauza 200 kwa mtu wa P2P. Akaniambia siku hizi kuna USDT chafu, za wizi, akizipokea akaunti yake itafungwa, kwa hiyo nizipime usafi kwanza. Akanitumia linki. Nikaifungua ndani ya pochi, ikasema unganisha, nikaunganisha. Ikaja skrini ya kuthibitisha, nikathibitisha, ikakata TRX chache, zile sarafu za kulipia ada za Tron, ikaandika kwamba USDT zangu ni safi. Mnunuzi akasema amepata dharura, hakununua. Alfajiri ya pili yake naamka, 740 zote hazipo.

Mjomba, maneno yangu 12 ya kufungulia pochi sikumpa mtu. Yako kwenye picha ya skrini ndani ya simu yangu tu. La ajabu, zile 1,860 za anwani ya pili zipo, na hata TRX zilizobaki kwenye anwani ya kwanza zipo. Mwizi gani huyu wa kuchagua?

Nimeifuta pochi nikaiweka upya. Nimeomba msaada kwenye grupu la Telegram, "mtaalamu" akanifuata pembeni, anasema atazirudisha nikitoa dola 150 za kuanzia kazi. Ameniletea picha za watu aliowarudishia. Mwingine ananishauri zile 1,860 niziweke kwenye DeFi, yaani huduma ya fedha ya kripto isiyo na benki, inayotoa asilimia 2 kwa siku ili hasara ijilipe. Tena siku hizi naona visenti vinaingia, 0.00001 USDT, kutoka anwani nisizozijua. Na Ijumaa mteja ananitumia 420.

Nianze na lipi? Na huyu shemeji nitamkwepaje?

Binti Kisauni, Mombasa

MJOMBA ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole.

Anza na Ijumaa. Mwambie mteja leo, kabla hujamaliza kusoma barua hii, asitume zile 420 kwenye anwani ya kwanza. Zikiingia pale zitachotwa, pengine kabla hujaona ujumbe. Kuifuta pochi na kuiweka upya hakukubadilisha kitu, na nitakueleza kwa nini.

Swali lako la mwizi wa kuchagua lina jibu ndani yake. Anwani zako zote mbili zimezaliwa na maneno yale yale 12. Mwenye maneno hayo ana anwani zote, na angebeba kila kitu: 740, 1,860 na TRX juu yake. Huyu amechukua sarafu moja kwenye anwani moja. Kwa hiyo maneno hana. Alichonacho ni ruhusa, na ruhusa ulimpa wewe siku ile ya kupima usafi.

Sarafu kama USDT ina kipengele kinachoitwa approve. Ukikitumia, unaiambia sarafu yenyewe kwamba anwani fulani, au mkataba mahiri fulani, yaani programu inayokaa kwenye mtandao, inaweza kuchota kwako bila kukuuliza tena. Ni kama kumwambia mwenye duka la mtaani ajichukulie mwenyewe mkobani mwako kila atakapo. Kipengele hicho hakikutengenezwa na wezi. Soko kama Uniswap haliwezi kukubadilishia sarafu bila hicho. Wezi wameona tu kwamba ni rahisi kumwomba mtu ruhusa kuliko kumwomba maneno 12, maana kuhusu maneno watu wameshaonywa.

Skrini uliyothibitisha nimeiona kwa wengi waliopatwa na hili. Juu kuna neno Approve. Chini yake kuna anwani ndefu inayoanza na T, ya mtu usiyemjua. Kisha kiasi. Pochi nyingine huandika Unlimited, maana yake bila kikomo. Nyingine humwaga namba inayoanza na 1157920892 na kuendelea mpaka inavuka ukingo wa skrini. Ndiyo namba kubwa kuliko zote ambayo mkataba unaweza kuandika. Ukikutana na namba hiyo mahali ulikokwenda kuuza dola 200, funga simu. Na hata kabla ya kufika hapo: kupima asili ya USDT hakuhitaji pochi yako iunganishwe popote. Daftari la Tron ni la wazi, anayetaka kujua sarafu zimetoka wapi anabandika anwani na kusoma. Mnunuzi mwenye wasiwasi wa kweli angepima mwenyewe.

Usidhani ni wewe peke yako uliyezubaa. Desemba 2021 watumiaji wa huduma ya DeFi iitwayo BadgerDAO walipoteza kiasi cha dola milioni 120 kwa mtindo huu huu wa ruhusa, tena kwenye tovuti halisi ya huduma hiyo. Wezi walikuwa wamepenyeza msimbo wao ndani yake. Februari 2025 soko la Bybit lilipoteza karibu dola bilioni 1.5 kwa siku moja. Waliotia saini walikuwa wazoefu, wenye vifaa maalumu vya kuhifadhi funguo, lakini skrini iliwaonyesha muamala wa kawaida huku saini ikiidhinisha kingine. Ndiyo maana sikuambii ukimbilie kununua kifaa kama Ledger. Ni kizuri, ila siku ile kisingekusaidia. Ungekibonyeza kukubali vile vile.

Ruhusa imeandikwa kwenye mtandao, haiko ndani ya simu. Kukata uunganisho na tovuti hakuiondoi, kubadilisha PIN hakuiondoi, simu mpya haiondoi. Inaondolewa kwa muamala mwingine wa kuifuta, unaolipiwa TRX kidogo. TronScan, tovuti ya kusomea daftari la Tron, ina ukurasa wa kuonyesha ruhusa zote ulizotoa na kuzifuta. Kwa mtandao wa Ethereum na ndugu zake watu hutumia Etherscan au revoke.cash. Andika jina la tovuti mwenyewe, herufi kwa herufi, usipitie tangazo la juu kwenye Google, kwa sababu matapeli hulipia matangazo hayo. Ukiwa hapo angalia na sehemu ya umiliki wa akaunti yako. Kwenye Tron mtu anaweza kudanganywa akathibitisha kumwongeza mgeni kuwa mwenye akaunti, kisha yeye mwenyewe akashindwa kutuma hata senti.

Lakini kwako wewe kufuta ruhusa hakutoshi, maana umesema jambo ambalo umelipitia haraka: maneno 12 yako kwenye picha ya skrini, "ndani ya simu yangu tu." Simu nyingi hupeleka picha kwenye hifadhi ya mtandaoni zenyewe. Na mapema 2025 Kaspersky, kampuni ya usalama wa mitandao, walitangaza virusi walivyoviita SparkCat, vilivyokuwa vimejificha ndani ya programu zilizopatikana Google Play na hata App Store. Kazi yake ilikuwa kupekua picha na kusoma maandishi yaliyomo, vikitafuta maneno kama hayo yako. Pochi hiyo ihesabu imekwisha. Anzisha mpya yenye maneno mapya.

Maneno mapya yaandike kwa kalamu, kwenye karatasi, mlango umefungwa. Hutolewa kwenye orodha maalumu ya maneno 2,048, na kila moja hutambulika kwa herufi nne za mwanzo, basi hata mwandiko ukiwa mbaya hakikisha hizo nne zinasomeka. Kisha fanya jambo ambalo wengi huliruka: tuma dola mbili tatu, futa pochi kwenye simu, irudishe kwa kusoma karatasi yako. Zikionekana, karatasi ni sahihi. Zisipoonekana, umejua mapema kwa hasara ya dola mbili tatu.

Yule mtaalamu wa Telegram ni tapeli. Hao huvizia kwenye magrupu ya kuomba msaada kwa sababu wanajua aliyeibiwa jana yuko tayari kuamini leo. Hakuna mtu mwenye uwezo wa kurudisha nyuma muamala wa Tron. Kinachowezekana ni chembamba zaidi: kampuni ya Tether, inayotoa USDT, inaweza kufungia USDT zilizo kwenye anwani fulani, na soko kubwa linaweza kuzuia akaunti ambako fedha zimeingia, na kwa kawaida hayo huenda kwa ombi la polisi. Kwa hiyo chukua namba ya muamala wa wizi, anwani ya mwizi, mazungumzo yako na yule mnunuzi na jina lake la P2P, upeleke DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Na soko la P2P nalo lilalamikie moja kwa moja, kwa kuwa linajua kitambulisho alichojisajili nacho. Zile 740 usizihesabu tena kwenye bajeti yako. Na huyo mtaalamu usimjibu hata kwa kumtukana. Ukijibu, atarudi kwa jina jingine.

Asilimia 2 kwa siku, piga hesabu mwenyewe. Faida ikiachwa ijizalie, dola 1,860 baada ya siku 35 ni karibu 3,720, na mwaka ukiisha una zaidi ya dola milioni mbili na nusu. Mwenye mashine hiyo anakutafutia nini wewe Kisauni? Anchor, huduma ya kuweka akiba iliyokuwa ndani ya mtandao wa Terra, iliahidi karibu asilimia 20 kwa mwaka, kwa mwaka si kwa siku, ikaanguka Mei 2022 na sarafu yake iliyodaiwa kuwa sawa na dola ikabaki kitu bure. DeFi ya kweli ipo. Aave kwa mfano inakopesha kwa dhamana na imedumu miaka. Lakini hata huko unatoa ruhusa zile zile, msimbo unaweza kuwa na tundu, na hakuna wa kukufidia. Kwa sasa kaa nje. Siku utakapoweza kusoma skrini ya ruhusa na kubadilisha kiasi kutoka bila kikomo kuwa kile unachoweka tu, tutazungumza.

Visenti vinavyoingia ni mtego pia. Mtu hutengeneza anwani inayofanana na moja uliyowahi kuitumia, herufi za mwanzo na za mwisho zile zile, kisha anakutumia kiasi kisicho na maana ili anwani yake ikae kwenye historia yako. Siku una haraka unanakili kutoka historia, unamtumia yeye. Mei 2024 mtu mmoja alituma WBTC, sarafu za Ethereum zinazowakilisha bitcoin, zenye thamani ya kama dola milioni 68 kwa kosa hilo. Mwizi baadaye alirudisha sehemu kubwa, bahati ambayo mimi na wewe tusiitegemee. Anwani nakili kwa mwenyewe, isome na katikati yake, tuma kidogo kwanza.

Sasa shemeji. Hakuweka chochote kwenye simu yako. Ulipompa anwani ulimpa na daftari lake lote: akaibandika TronScan akaona salio, kila kilichoingia, na kila kilichotoka kilienda wapi. Ulipohamisha 1,860 moja kwa moja aliona mshale wenyewe ukienda. Watu wengi hudhani kripto ni siri. Siri ni jina tu, na jina lako alikuwa nalo tayari.

Dawa ni kutenganisha. Anwani ya wateja iwe mbali, ya ndugu iwe mbali, ya akiba isijulikane na mtu yeyote. Na zisitumiane moja kwa moja, kwa sababu muamala mmoja tu kati yake unaziunganisha daima. Ukitaka kuhamisha akiba bila macho ya Muscat, ipitishe kwenye akaunti yako ya soko la sarafu: ziingie huko, kisha zitoke kwenda anwani mpya. Anayetazama TronScan ataona zimeingia sokoni, basi. Ila usitoe 1,860 ile ile saa ile ile, maana kiasi chenyewe kinasema. Toa kwa mafungu, kwa siku tofauti, na usiziache sokoni muda mrefu. Akaunti hiyo ilinde kwa programu ya namba za uthibitisho, si kwa SMS, kwani laini ya simu huibwa. Halafu kuna kosa ambalo hata wajanja hulifanya: anwani mpya inahitaji TRX za ada, mtu anazituma kutoka anwani ya zamani, kamba imefungwa tena. TRX nazo zitoe sokoni.

Soko lenyewe linakujua kwa kitambulisho, na kampuni ya pochi inaweza kuona anwani zako zote zikiulizia salio kutoka simu moja. Hii ni faragha dhidi ya shemeji na wezi, KRA, mamlaka ya mapato, si sehemu ya mpango huu. Kipato chako cha kunakili ni kipato kama kingine. Kenya sasa ina sheria ya watoa huduma za mali pepe ya mwaka 2025, inayoweka masoko haya chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, basi chagua soko kwa kuangalia nani ana leseni. Wale watakaokushauri uchanganye sarafu zako kwenye huduma za kuficha nyayo, waache. Mojawapo, Tornado Cash, iliwekewa vikwazo na Marekani Agosti 2022, vikaondolewa Machi 2025, na bado Agosti mwaka huo mmoja wa walioiunda, Roman Storm, alitiwa hatiani kwa kula njama ya kuendesha biashara ya kutuma fedha bila kibali. Kutumia huduma hizo kunaweza kufanya soko likufungie akaunti, na wewe unachotaka ni kumkwepa shemeji tu.

Mume wako ni jambo jingine. Dini yetu imeacha mali ya mke mikononi mwa mke, na sitakuambia umkabidhi. Lakini kilichomuuma, naona, ni kusikia kwa ndugu yake. Mwambie wewe mwenyewe kiasi kilichobaki na kiwanja unachokusudia, na mwambie na hizo 740 kabla shemeji hajamwambia, kwa sababu shemeji ameshaona zikitoka, na pengine anafikiri umezitumia.

Maneno 12 si lazima ayajue. Ajue tu kwamba karatasi ipo na iko kwa nani, kwani ukipatwa na jambo, benki itawasikiliza warithi wako lakini Tron haina kaunta. Bahasha iliyofungwa kwa gundi na kusainiwa juu ya ufa, kwa mama yako au dada yako unayemwamini, inatosha. Usiikate karatasi nusu kwa nusu ukagawa kwa watu wawili kama wanavyoshauriana huko Telegram. Nusu moja ikipotea zote zimepotea. Na usiiweke kwenye kabati la nguo, watoto wawili hao hawaoni karatasi wakaiacha.